Habari za Kipanda Uso, na za Mjumbe Mdogo Aliye Mwilini

Ndugu msomaji, pengine unaujua ugonjwa huu katika kichwa chako mwenyewe, au umeuona kwa mke wako, au kwa mama yako tangu ulipokuwa mtoto. Mtu anaamka vizuri, anachukua jembe lake. Kabla ya saa sita, upande mmoja wa kichwa unaanza kugonga kama ngoma. Maumivu yanakaa juu ya jicho na penye panja. Kila hatua anayokwenda inaongeza kugonga kule. Mwanga wa jua unamchoma, sauti za watoto zinamwumiza, harufu ya mafuta yanayochemka jikoni inamtia kichefuchefu. Anatapika. Anaingia nyumbani, anafunga mlango na dirisha, analala gizani. Kesho au kesho kutwa maumivu yanakwisha, naye anarudi shambani kama mtu asiyeugua kamwe. Na baada ya majuma mawili au matatu yanarudi tena.

Kwa Kiswahili cha zamani ugonjwa huu unaitwa kipanda uso, maana ni kitu kinachopanda usoni. Wayunani wa kale waliuita kwa neno lenye maana ya nusu ya kichwa, na katika neno hilo Wafaransa walipata jina lao la migreni, ambalo utaliona limeandikwa katika karatasi ya hospitali. Usidhani ni ugonjwa wa kijiji chenu tu. Hesabu zilizofanywa kwa mwaka 2016 zilionyesha kwamba watu zaidi ya miliari moja duniani, yaani milioni elfu, wanao. Kwa kila mwanaume mmoja, wanawake wapata watatu wanaugua.

Kipanda uso hakiui, lakini kinaharibu nyumba nyingi. Kwa kuwa hakina homa wala kidonda, na damu ikipimwa haionyeshi kitu, watu wanakwenda kutafuta sababu mahali pengine. Mmoja anasema mama huyu ni mvivu, anaugua siku ya kulima na kupona siku ya soko. Wa pili anasema amelogwa, na mara nyingi jina linalotajwa ni la mjane mzee asiye na mtu wa kumtetea. Wa tatu, naye ni mtu wa kanisa, anasema kuna dhambi asiyoiungama. Nimeona wanawake wenye alama za wembe penye panja zote mbili, mstari juu ya mstari, kwa sababu mfumu aliwachanja kila mara ugonjwa uliporudi. Nimeona mama aliyetolewa katika kwaya kwa kukosa mazoezi, na hakuna aliyekwenda kumtazama amelala namna gani. Hawa wote hawakuwa na kosa. Wanafunzi wa Bwana walipomwona mtu aliyezaliwa kipofu waliuliza ni nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake. Bwana aliwajibu kwamba si huyu wala si hao. Soma Yohana sura ya 9.

Basi, kama si uvivu, wala si ulozi, wala si dhambi ya siri, ni nini? Leo twaweza kujibu vizuri kuliko wazee wetu, kwa sababu katika miaka 40 iliyopita wenye elimu wameona jambo lenyewe mwilini, wamelipima katika damu, na wamelitengenezea dawa.

Mshipa wenye matawi matatu

Yakupasa kwanza kuujua mshipa mmoja wa fahamu. Mishipa ya fahamu haipitishi damu. Inapitisha habari, kama nyuzi za simu. Katika uso kuna mshipa mkubwa wa namna hii kila upande, mmoja kuume na mmoja kushoto. Shina lake liko ndani ya fuvu, kwa usawa wa sikio, na kutoka hapo linatoa matawi matatu. Tawi la kwanza linakwenda kwenye jicho na kipaji cha uso. La pili linakwenda kwenye shavu na meno ya juu. La tatu linakwenda kwenye taya la chini. Jino lako likioza, ni mshipa huu unaokuzuia usilale.

Lakini mshipa huo una kazi nyingine isiyoonekana. Matawi yake madogo yanaingia katika utando mgumu unaofunika ubongo, yakiifuata mishipa ya damu ya utando ule. Ubongo wenyewe hausikii maumivu hata kidogo. Waganga wanaopasua kichwa huweza kuugusa mgonjwa akiwa macho, akisema nao, naye haoni uchungu. Utando na mishipa yake ya damu ndiyo inayosikia, kwa njia ya mshipa huu wa matawi matatu. Na kwa sababu tawi la utando na tawi la kipaji yanapeleka habari penye kituo kimoja, mtu anayeumwa ndani anasikia kama anaumwa juu ya jicho. Ndiyo sababu wembe hausaidii kitu. Unakata ngozi ya panja, na ugonjwa uko ndani ya fuvu. Tena wembe uliotumika kwa mtu mwingine waweza kukupa ugonjwa mbaya wa ini, au ukimwi.

Mjumbe mwenyewe

Sasa twaja kwa mjumbe. Mwisho wa kila uzi wa fahamu kuna vifuko vidogo mno, visivyoonekana kwa macho. Ndani ya vifuko hivyo kuna vitu ambavyo mshipa unavimwaga ili kupeleka habari kwa jirani yake. Kimoja cha vitu hivyo kinaitwa kwa herufi nne, CGRP. Jina lake refu lina maana ya peptidi yenye undugu na jeni ya kalsitonini. Usiogope jina hilo. Peptidi ni kitu kama uzi wa ushanga, na punje zake zinaitwa asidi amino. Uzi huu una punje 37, wala si zaidi.

Ulionekana kwa namna ya ajabu. Mwaka 1982 wataalamu wa Marekani walikuwa wakichunguza agizo, liitwalo jeni, ambalo tezi ya shingoni hulitumia kutengeneza kalsitonini. Waliona kwamba agizo lile lile moja laweza kusomwa kwa njia mbili. Katika tezi linatoa kalsitonini, lakini katika mishipa ya fahamu linatoa kitu kingine kabisa, na hicho ndicho CGRP. Ni kama mmea mmoja wa muhogo: jikoni majani yake yanakuwa sombe, na mzizi wake unakuwa unga. Mwaka 1985 wataalamu wa Uingereza walitia kiasi kidogo sana cha mjumbe huyu katika ngozi ya watu, na ngozi ile ikawa nyekundu na yenye joto muda wa saa nyingi. Hapo walijua kazi yake kubwa, kwamba anafungua mishipa ya damu. Ni mmoja wa wafunguzi wenye nguvu kuliko wote wanaojulikana mwilini.

Wewe mwenyewe umemwona akifanya kazi, ijapokuwa hukujua jina lake. Ukila pilipili kali, midomo yako inawaka na kuwa na joto. Pilipili haikuunguza kweli, maana hakuna lengelenge. Ila ukali wa pilipili umeziamsha nyuzi za fahamu za mdomo, nazo zimemmwaga CGRP pamoja na wenzake, na damu imekuja mbio. Au jikwaruze mkononi kwa mwiba, kisha uweke kidole kando ya mkwaruzo, mahali ambapo mwiba haukufika. Utasikia joto hata hapo. Nyuzi za fahamu zimewaita majirani.

Kwa nini Mungu ameweka mjumbe wa namna hii ndani yetu? Kwa sababu tunamhitaji kila siku. Pale penye kidonda analeta damu, na damu inaleta chakula na askari wa mwili, na kidonda kinapona. Katika tumbo, damu anayoileta inakinga ukuta wa tumbo usiliwe na asidi kali inayosaga chakula. Katika matumbo anasaidia chakula kusogea. Katika moyo, damu ikipungua, anafungua mishipa ya moyo ili usife njaa. Mama akichukua mimba, kiasi chake katika damu kinaongezeka. Wala hakai sana damuni. Akimwagwa humo, nusu yake inatoweka kwa muda wa dakika kama kumi, mpaka aitwe tena. Kama ningekuambia kwamba mjumbe huyu ni sumu, ningekudanganya. Ni mtumishi mzuri.

Namna mtumishi mzuri anavyoleta maumivu

Kuna watu waliozaliwa na ubongo mwepesi kushtuka. Jambo hili linarithiwa. Mama anaye, binti anaye, na bibi alikuwa naye, na hapo kijiji kinasema ukoo huu umelaaniwa. Hapana. Wengine wamerithi macho ya baba yao, hawa wamerithi kichwa chepesi.

Ubongo wa namna hii unapenda mambo yaende kwa utaratibu. Njaa inaushtua, na kukosa usingizi pia. Jua kali, huzuni kubwa, pombe, harufu kali, yote yaweza kuanzisha ugonjwa. Wanawake wengi wanaumwa siku zile kabla ya kuona mwezi, kwa sababu homoni moja ya kike inashuka ghafula wakati ule. Hata saa nyingi kabla ya maumivu wengine wanaanza kupiga miayo, au kutamani chakula, au kuwa na hasira bila sababu. Nyumba nzima inajua, “Mama atalala kesho.”

Kisha mshipa wa matawi matatu unapiga mbiu, kana kwamba kuna jeraha katika utando wa ubongo, na jeraha halipo. Vifuko vinafunguka, CGRP anamwagika. Mishipa ya damu ya utando inapanuka, nyuzi za fahamu zinakuwa nyepesi kuumia, mpaka pigo la kawaida la moyo, ambalo kwa siku nyingine mtu halisikii kabisa, linasikika kama nyundo. Habari zinapita kwenye shina la ubongo, karibu na mahali panapotawala kutapika, na tumbo nalo linachafuka. Mjumbe hadumu, ni kweli, lakini mshipa unazidi kummwaga. Ndiyo sababu ugonjwa usiotibiwa waweza kukaa saa 4, au siku moja, hata siku tatu.

Kwa miaka mingi waganga waliamini kwamba kupanuka kwa mishipa ya damu ndiko ugonjwa wote. Mwaka 1938, huko New York, mganga Harold Wolff na mwenzake walipima mshipa wa panja unavyopiga, wakaona kwamba dawa ya ergotamini inaufunga na maumivu yanapungua. Walikuwa na sehemu ya ukweli. Leo tunajua kwamba kupanuka peke yake hakutoshi, kwa maana mishipa ya damu yaweza kupanuka na kichwa kisiume. Lazima mshipa wa fahamu wenyewe uwe umeamka.

Ushahidi wa jambo hili ulipatikana kwa hatua. Mwaka 1990 Peter Goadsby wa Australia na Lars Edvinsson wa Swedi walitangaza kwamba walichukua damu ya shingoni kwa watu waliokuwa wakiumwa kipanda uso wakati ule ule. Walikuta CGRP amezidi. Walipima wajumbe wengine pia, nao hawakuzidi. Baadaye wagonjwa walipopewa dawa ya sumatriptani na maumivu kuondoka, CGRP alirudi chini. Lakini mtu aweza kuuliza: Je, mjumbe ndiye aliyeleta maumivu, au maumivu ndiyo yaliyomleta mjumbe? Ni swali zuri. Mwaka 2002 wataalamu wa Denmark walijibu. Waliwatia CGRP mshipani watu wenye kipanda uso waliokuwa wazima siku ile, na wengi wao wakaumwa kichwa, na baadhi yao baada ya saa chache wakapata ugonjwa wao wenyewe waliouzoea. Watu wasio na kipanda uso, wakitiwa mjumbe huyu, husikia kichwa kizito kidogo tu. Basi mjumbe ni yule yule kwa watu wote. Kichwa kinachompokea ndicho kilicho tofauti.

Dawa mpya na mambo zinayotufundisha

Mwaka 2018 Marekani na nchi za Ulaya zilikubali dawa ya kwanza iliyotengenezwa makusudi kwa ajili ya jambo hili. Inaitwa erenumabu. Ni sindano ya chini ya ngozi, mara moja kwa mwezi. Mfano wake ni huu: CGRP ni ufunguo, na juu ya mishipa kuna kufuli zake. Erenumabu inaziba tundu la kufuli. Dawa nyingine zilizofuata zinaushika ufunguo wenyewe. Tena kuna vidonge vinavyofanya kazi kama hiyo. Mwaka 2021 watu wanne waliofanya kazi hii, yaani Goadsby na Edvinsson niliowataja, pamoja na Michael Moskowitz na Jes Olesen, walipewa tuzo kubwa ya elimu ya ubongo huko Denmark.

Bei ya dawa hizo ni kubwa mno, usitegemee kuzikuta katika sanduku letu la dawa. Ninakuandikia habari zake kwa sababu zina fundisho. Karibu nusu ya watu waliozijaribu walipunguziwa nusu au zaidi ya siku zao za kuumwa. Dawa inayomzuia mjumbe mmoja tu inatuliza maumivu ambayo watu walisema ni ya mlozi. Mtu akikuambia tena kwamba jirani ametupa kitu kichwani mwako, mweleze habari ya ufunguo na kufuli. Nusu nyingine ya watu hawakusaidiwa sana, na hilo nalo latuonyesha kwamba kuna wajumbe wengine ambao bado wanachunguzwa. Tena baadhi ya wanaochoma sindano hii wanafunga choo, wengine damu yao inapanda nguvu. Unaona sababu? Mtumishi aliyezuiliwa kichwani amezuiliwa na matumboni na katika mishipa yote.

Habari ya kufunga, mkesha na maono

Hapa ninasema na wachungaji na wazee wa kanisa. Mtu mwenye kipanda uso akifunga chakula tangu asubuhi hata jioni, mara nyingi ataumwa. Akikesha usiku wote katika maombi, ataumwa kesho yake. Si shetani anayempinga, wala si imani haba. Ni njaa na usingizi, na ubongo wake hauwezi kuvumilia vitu hivyo. Kwa maoni yangu mtu huyo asilazimishwe. Anywe maji, ale kidogo, alale saa zake, na ajitenge na jambo lingine kwa ajili ya Bwana. Mimi ninaomba pamoja na wagonjwa kila siku, na mkono ule ule unawapa vidonge. Sijaona vita kati ya vitu hivi viwili.

Jambo lingine ni nuru. Mtu mmoja katika watatu, au pungufu, kabla ya kichwa kuuma, huona mistari inayometameta, yenye pembe pembe kama meno ya msumeno, inayotanda polepole mbele ya macho. Huenda pia mkono au mdomo ukafa ganzi. Inakaa dakika 5 hadi 60, kisha inaondoka. Sisemi kwamba Mungu hawezi kuwaonyesha watu maono. Ila nuru inayokuja na kutapika, na kurudi kila mwezi kwa umbo lile lile, hiyo ni ya kipanda uso. Mwanamke mwenye nuru hiyo amwambie mwuguzi kabla ya kumeza vidonge vya kupanga uzazi, kwa maana vile vyenye homoni ya estrojeni vyaweza kumzidishia hatari ya kupooza.

Unavyopaswa kufanya

Dawa za kawaida zinasaidia watu wengi, kama zikimezwa mapema na kwa kiasi kinachotosha. Wengi wetu tunafanya kinyume. Tunangoja mpaka tunatapika, kisha tunameza kidonge kimoja. Wakati ule tumbo limelala, halisukumi kitu, na kidonge kinakaa humo kama jiwe. Mara unapojua kwamba ni ugonjwa wako wenyewe, kula kitu kidogo, kisha umeze. Mtu mzima aweza kumeza aspirini miligramu 900, ndiyo vidonge 3 vya 300, au ibuprofeni miligramu 400, au parasetamoli miligramu 1000, ndiyo vidonge 2 vya 500. Chagua moja. Parasetamoli isipite vidonge 8 vya 500 kwa mchana na usiku. Mwenye vidonda vya tumbo asimeze aspirini wala ibuprofeni. Mtoto asipewe aspirini. Mama mwenye mimba atumie parasetamoli, tena aje kwanza tumwone. Kisha lala gizani na kitambaa cha maji baridi usoni, na watoto wapelekwe kwa shangazi. Ukitapika sana, kuna dawa ya kutuliza tumbo hospitalini. Sumatriptani, ikipatikana, ni nzuri, na tangu mwaka 2021 imo katika orodha ya dawa za lazima ya Shirika la Afya Ulimwenguni. Lakini mwenye ugonjwa wa moyo asiitumie. Ergotamini ni dawa ya zamani, nayo inabana mishipa kwa nguvu. Mama mwenye mimba asiiguse, wala mtu anayemeza dawa za ukimwi asiinunue bila kutuuliza, maana zikikutana na baadhi ya dawa hizo zaweza kuziba damu ya mikono na miguu.

Sasa sikiliza neno hili, maana wengi wanaangukia hapa. Dawa ya maumivu ikimezwa mara nyingi mno inaleta maumivu. Mtu anayemeza parasetamoli au aspirini siku 15 au zaidi kwa mwezi, mwezi baada ya mwezi, kichwa chake kinaanza kuuma karibu kila siku, naye anazidi kumeza. Kwa vidonge vilivyochanganywa dawa mbili tatu, na kwa sumatriptani na ergotamini, siku 10 kwa mwezi zinatosha kuleta hasara hiyo. Wauza vidonge wa sokoni hawatakuambia, kwa maana wewe ni mnunuzi mwema. Usipite siku mbili kwa juma. Kama umekwisha kuingia katika mtego huo, njoo. Njia ya kutoka ni kuacha. Majuma ya kwanza ni magumu, na kichwa kitauma zaidi kabla hakijatulia. Usiyapite peke yako.

Mtu anayeumwa siku 4 au zaidi kwa mwezi aweza kupewa dawa ya kuzuia, ambayo humezwa kila siku hata akiwa mzima. Propranololi ni moja, lakini mwenye pumu hapewi. Amitriptilini ya kulalia ni nyingine. Usiihukumu dawa ya kuzuia kwa juma moja. Ipe miezi miwili au mitatu. Tena pata kalenda, au chora mistari ukutani, utie alama kila siku ya maumivu na kila siku ya kidonge. Kwa alama hizo mganga ataona mengi kuliko kwa maneno yako.

Maumivu ya kichwa yasiyo kipanda uso

Katika 2 Wafalme sura ya 4 twasoma habari ya mtoto wa Shunemu. Alikwenda kwa baba yake shambani penye wavunaji, akalia kwamba kichwa kinamwuma. Baba akaagiza achukuliwe kwa mama yake. Alikaa magotini pa mama mpaka saa sita, akafa. Biblia haisemi ugonjwa ule ni gani. Lakini ni kweli mpaka leo kwamba kuna maumivu ya kichwa ambayo hayangoji kesho, nayo hayafanani na yale niliyoyaeleza hapo juu. Kipanda uso unakijua, kimekuja na kuondoka mara nyingi. Yanayotisha ni maumivu mageni.

Mlete mgonjwa siku ile ile, hata usiku, kama ana homa na shingo yake imekuwa ngumu, au anashtuka na kujinyosha kama mwenye kifafa, au akili zinapotea. Homa pamoja na maumivu ya kichwa katika nchi yetu yaweza kuwa malaria, yaweza kuwa homa ya uti wa mgongo, na zote mbili zinaua upesi. Mlete kama maumivu yalikuja ghafula kama radi, makali kuliko yote aliyopata kujua. Mlete kama mkono na mguu wa upande mmoja umelegea, au maneno hayatoki. Mlete kama alianguka au alipigwa kichwani siku hizi. Mtu aliyepita miaka 50 ambaye hakuwahi kuumwa hivi, na mtu mwenye ukimwi ambaye kichwa chake kinauma siku kwa siku, hao nao wasingoje.

Na mama mwenye mimba ya miezi mitano au zaidi, au aliyejifungua majuma haya, akilalamika kichwa kinamwuma sana, macho yanaona giza au nyota, uso na mikono vimevimba, usimpe kidonge na kumwambia alale. Damu yake imepanda nguvu, na degedege la uzazi liko karibu. Tafuteni machela na watu wanne wa kubeba, mtume mtoto mwenye mbio mbele yenu ili tuwashe taa na kuweka dawa tayari. Mkifika, mtuambie mambo matatu: maumivu yalianza saa ngapi, mimba ni ya miezi mingapi, na amekwisha kumeza nini.